Saa ya Mwili Isiyoona Machweo

Siku kama 24 hivi zilitosha kupindua maisha yao. Walikuwa watu saba wasioona kabisa, hata mwanga. Mtafiti Robert Sack na wenzake waliwafuatilia huko Oregon, Marekani, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2000. Kuna majuma walilala usiku kama watu wengine. Kisha usingizi ukaanza kuchelewa, leo kidogo, kesho kidogo tena, hata wakajikuta wanakesha usiku na kusinzia mchana. Baadaye mambo yalikaa sawa, na kuchelewa kukaanza upya.

Saa iliyomo ndani ya ubongo wao ilihesabu siku ya wastani wa saa 24 na nusu. Sisi tunaoona tunayo saa kama hiyo, ila kila siku mwanga unaoingia machoni huirudisha kwenye mstari. Wao hawakuwa na wa kuwarudishia.

Watafiti wakawapa kidonge cha melatonini kila usiku, muda wa saa moja kabla ya kulala. Sita kati ya saba, saa yao ikashika mwendo wa saa 24 kamili. Watatu wakapunguziwa dozi polepole kutoka miligramu 10 hadi nusu miligramu, na saa haikuteleza. Nusu miligramu! Hapa kilichofanya kazi ni habari tu, kwamba usiku umeingia.

Na hiyo ndiyo kazi ya melatonini. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mchele. Muda wa saa mbili hivi kabla ya wakati wako wa kawaida wa kulala, tezi hiyo huanza kuimimina kwenye damu. Mwanga mkali ukikupiga machoni, huacha. Watu wa Mwambao wanaohesabu siku mpya tangu jua linapozama, na kuuita usiku wa kuamkia Ijumaa "usiku wa Ijumaa", wangeuelewa mwili huu haraka. Melatonini ni kama muadhini: huita watu, lakini hambebi mtu hadi msikitini.

Aliyeigundua wala hakuwa akitafuta usingizi. Aaron Lerner alikuwa daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale. Alijua kwamba tangu 1917 watafiti walishaona majimaji ya tezi hiyo ya ng'ombe yakipausha ngozi ya viluwiluwi, akatumaini humo mna dawa ya magonjwa ya ngozi. Mwaka 1958 akaipata kemikali yenyewe, kutoka kwenye tezi za ng'ombe.

Sasa, mtu anayejigeuza kitandani hadi saa nane usiku kwa mawazo ya ada na kodi, kidonge hiki kitamfaa nini? Kidogo sana. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 19 ulikuta kwamba waliomeza melatonini walipata usingizi dakika 7 mapema na kulala dakika 8 zaidi kuliko waliomeza kidonge kitupu. Mwito wa usiku ameshausikia. Kinachomweka macho ni kingine. Kwake madaktari huanza na tiba ya mazungumzo inayobadili mazoea ya kulala na hofu ya kukesha, na mimi naona wana haki.

Anayefaidika ni yule ambaye saa yake imepishana na jua. Anayeruka kutoka Minneapolis hadi Nairobi, safari ya kuelekea mashariki inayovuka kanda za saa nyingi, akimeza melatonini wakati wa kulala wa Nairobi, husaidika. Anayetoka London hana haja, kwa kuwa havuki kanda nyingi.

Ndugu wakileta chupa ya melatonini kutoka ng'ambo, tujue hili pia. Marekani huuzwa kama nyongeza ya chakula, Uingereza kwa cheti cha daktari. Wapimaji wa Kanada walichunguza bidhaa 31 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017: nyingine zilipungukiwa hadi asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine zilizidi hadi kwa asilimia 478. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asijaribu bila kumwuliza daktari wake.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni mzee asiyeona pale nyumbani, anayeamka usiku wa manane akiulizia chai, na sisi tunasema ni uzee. Si kila asiyeona ana shida hii; wapo ambao macho yao bado hupeleka habari ya mwanga ubongoni ingawa hawaoni kitu. Basi chukueni kalenda ya ukutani, mwandike saa anayolala na saa anayoamka, kila siku, kwa majuma matatu au manne. Saa hizo zikisogea mbele siku baada ya siku, mpelekeni hospitali pamoja na kalenda hiyo.