Miaka Sita Bila Ajali, Bima Ikapanda: Je, Ni Haki?

Barua ilifika mwezi Februari, asubuhi niliyotoka zamu ya usiku. Niliifungua nikiwa bado na koti mwilini. Kampuni yangu ya bima ya gari, niliyokaa nayo miaka sita bila ajali wala faini hata moja, ilinijulisha kwamba malipo yangu yatapanda kutoka dola 196 hadi dola 251 kwa mwezi. Sababu haikuandikwa. Kilichoandikwa ni asante kwa kuwa mteja mwaminifu.

Wengi wenu mnaoishi Toronto mnaijua barua hiyo. Dola 55 kwa mwezi ni dola 660 kwa mwaka. Kwangu mimi hiyo ni ada ninayotuma Tanga kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo sikuweza kuitupia kwenye droo na kusema ndiyo maisha ya ughaibuni.

Nyumbani Tanzania tumezoea utaratibu mwepesi. Ukikata bima ndogo ya gari dogo la binafsi, bei inajulikana. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, uwe dereva wa miaka ishirini au umepata leseni jana. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ontario wanampima mtu mwenyewe: miaka yake ya leseni, makosa yake barabarani, aina ya gari, kilomita anazoendesha, hata mtaa gari linapolala. Ndiyo maana ndugu zetu wa Brampton na Rexdale hulia kila mwaka, ingawa wengi wao hawajawahi kugonga hata nguzo. Na huwezi kusema basi, nitaendesha bila bima. Faini ya kosa la kwanza inaanzia dola 5,000.

Nilipiga simu. Kijana aliyepokea alinieleza kwa adabu kwamba wizi wa magari umeongezeka Toronto na matengenezo yamekuwa ghali, kwa sababu siku hizi hata bampa la kawaida lina kamera na vihisio. Akaongeza kwamba kampuni haiwezi kujipandishia viwango ovyo. Lazima viidhinishwe na FSRA, mamlaka ya Ontario inayosimamia huduma za fedha. Hayo yote ni kweli. Nikakata simu nikiwa nimeshindwa hoja, lakini roho haijatulia.

Kaka mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi ndiye aliyenifumbua macho. Aliniuliza, "Dada, umewahi kuwauliza wameandika nini kukuhusu?"

Sikuwahi. Nikapiga tena, nikaomba nisomewe taarifa zangu moja baada ya nyingine. Kumbe kwao mimi bado nilikuwa naendesha kilomita 35 kwenda kazini Mississauga kila siku, na 35 kurudi. Kazi ile niliiacha miaka miwili iliyopita! Sasa naenda kwa treni ya chini ya ardhi, gari ni la sokoni na la kupeleka watoto kwenye kuogelea. Tena matairi yangu ya majira ya baridi hayakuwa yameandikwa popote, na tangu Januari 2016 kampuni za Ontario zinatakiwa kumpunguzia bei mwenye matairi hayo.

Waliporekebisha, bei ilishuka hadi dola 217. Nikauliza kuhusu fedha nilizozidisha kwa miaka miwili. Jibu: hazirudi, ilikuwa kazi yangu kuwajulisha.

Hapa ndipo penye swali la haki. Nakubali nilizembea. Lakini mimi ni muuguzi. Mgonjwa akirudi wodini, simpi dawa kwa orodha ya miaka miwili iliyopita halafu nimlaumu kwamba hakuniambia. Namuuliza upya kila anapolazwa. Kampuni inayoweza kukumbuka kunipandishia bei kila mwaka ingeweza pia kuniuliza, "Bado unafanya kazi kule kule?" Bei kupanda kwa sababu hatari imepanda, hilo nalielewa. Bei kubaki juu kwa sababu mteja yuko kimya, hilo halina haki hata kama limo ndani ya sheria.

Uingereza waliliona tatizo la aina hii. Mwaka 2019 mamlaka yao, FCA, ilieleza kwamba wateja milioni 6 wa bima za magari na nyumba walikuwa wakilipa bei kubwa, wengi kwa sababu walikaa na kampuni moja muda mrefu. Kama wangelipa bei ya wastani kwa hatari yao, wangeokoa paundi bilioni 1.2 kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kampuni za huko haziruhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya ambavyo zingemtoza mgeni mwenye sifa zile zile. Hapa kwetu viwango vinaidhinishwa, lakini hakuna anayekuja kukagua kama taarifa zako ni sahihi. Hiyo kazi ni yako.

Kwa hiyo, ndugu zangu, barua ikifika:

Usingoje siku ya mwisho. Ontario, kampuni inayobadilisha masharti inatakiwa kukupa taarifa angalau siku 30 kabla. Zitumie.

Omba usomewe kila kitu: umbali wa kazini, kilomita za mwaka, madereva wa nyumbani, matairi.

Tafuta bei kwa kampuni nyingine mbili tatu au kwa dalali wa bima, ukilinganisha kinga ile ile. Bei ndogo yenye kinga pungufu si nafuu.

Ukiamua kuhama, hama siku mkataba unapoisha. Ukivunja katikati unaweza kutozwa. Na usiache tu kulipa, maana kufutiwa bima kwa kutolipa kutakufuata.

Mimi nilipata kampuni nyingine kwa dola 199, kinga ile ile, nikahama. Ajabu ni kwamba Kariakoo sinunui hata kitenge bila kuomba nipunguziwe, lakini hapa nililipa miaka sita bila kuuliza neno. Nimeshaandika kwenye kalenda: Februari ijayo, nauliza tena.