Kombe la Gossage: Taifa Uwanjani Kabla ya Taifa

Utangulizi

Mtaani Umoja, upande wa Eastlands jijini Nairobi, siku Harambee Stars ya Kenya ichezapo na Cranes ya Uganda au Taifa Stars ya Tanzania, watu hujazana mbele ya runinga na kila mmoja hugeuka kocha. Ukimwuliza mjuzi miongoni mwao mashindano ya timu za mataifa ya Afrika yalianza lini, atakujibu bila kusita: mwaka 1957, mjini Khartoum. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Miaka 31 kabla ya Khartoum, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kukutana uwanjani kuwania kombe. Makala haya yananuia kueleza kombe hilo lilikuwa lipi, kwa nini aghalabu halihesabiwi, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ana haja ya kulijua.

Sabuni na Kombe

Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa mwaka 1926. Jina lake si la mchezaji wala la gavana, bali la kampuni ya sabuni iliyoasisiwa na William Gossage mjini Widnes, Uingereza, katika karne ya 19. Kufikia mwaka huo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Lever Brothers, wafanyabiashara wakubwa wa sabuni duniani. Ukarimu wa kutoa kombe haukukosa hesabu: kandanda hukusanya watu, na waliokusanyika ndio wanunuzi wa kesho. Tena, ni mchezo gani unaochafua nguo kuliko huu?

Mwanzoni washindani walikuwa wawili tu, Kenya na Uganda, na Kenya ndiyo iliyolitwaa kombe mara ya kwanza. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Hivyo basi, hata kabla ya nchi yoyote kati ya hizo kupata uhuru, tayari palikuwa na mashindano yaliyozileta pamoja nchi 4 za eneo hili. Kati ya mwaka 1926 na 1966 kombe hilo lilishindaniwa mara 37, na Uganda ndiyo iliyolinyakua mara nyingi zaidi. Tukumbuke kwamba Kombe la Dunia lenyewe lilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1930 nchini Uruguay. Ngarambe ya Kenya na Uganda ililitangulia kwa miaka 4.

Mwaka 1967 jina la kampuni liliondolewa, mashindano yakaitwa Kombe la Changamoto. Mwaka 1973 yakawa Kombe la CECAFA, yaani la nchi za Afrika Mashariki na Kati, na Uganda ikashinda jijini Kampala. Mti ni ule ule. Lililobadilika ni jina.

Hoja ya Khartoum

Ikiwa ndivyo, kwa nini wanahistoria wengi huanza kuhesabu mwaka 1957? Wanazo sababu zao, na haifai kuzipuuza. Mwaka huo ndipo Shirikisho la Kandanda la Afrika lilipoundwa na Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Waliolianzisha walitaka kujiamulia mambo yao wenyewe, wala si kungoja kombe la mfanyabiashara. Katika mashindano yao ya kwanza Misri iliilaza Ethiopia mabao 4 kwa 0 katika fainali, na mabao yote 4 yakafungwa na mchezaji mmoja, Ad-Diba. Hata hivyo, tukio kubwa zaidi halikutokea uwanjani. Afrika Kusini ilikataa kuleta timu iliyochanganya wachezaji weusi na weupe, nayo ikazuiwa kushiriki. Zikabaki timu 3 tu, lakini msimamo ukawa umewekwa.

Kombe la Gossage halikuwa na msimamo wa namna hiyo. Lilizaliwa chini ya ukoloni, likabeba jina la bidhaa ya kigeni, na nchi zilizoliwania mwanzoni hazikuwa huru. Mkosoaji atasema kwamba zile zilikuwa timu za makoloni na himaya, si timu za mataifa. Hapa ndipo mjadala unapoacha kuwa wa kandanda peke yake na kuwa wa lugha.

Taifa ni Nini?

Neno “taifa” lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kundi au sehemu ya watu. Katika Kiswahili cha zamani liliweza kutumiwa kwa kabila na kwa watu wa nchi vilevile. Maana tuliyoizoea leo, ya nchi yenye serikali yake, wimbo wake na kiti chake katika Umoja wa Mataifa, ilipata nguvu pamoja na harakati za uhuru. Tukilipima Kombe la Gossage kwa maana hii ya pili, halifuzu. Tukilipima kwa maana ya kwanza, ya watu waliojikusanya na kujitambua kuwa wamoja, linafuzu bila shaka.

Fikiria mitaa ya Eastlands wakati wa ukoloni. Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni na Kaloleni ilikuwa makao ya Waafrika waliokuja kufanya kazi katika jiji lililowagawa watu kwa rangi. Walitoka Nyanza, nchi ya Waluhya, milima ya Ukambani, vijiji vya Waagikuyu na mwambao wa Pwani. Kila kundi lilikuwa na lugha yake, vyama vyake vya ustawi na, baadaye, klabu zake za kandanda. Ile iliyokuja kuitwa AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, nayo Gor Mahia ilianza mwaka 1968 kwa uungwaji mkono wa Waluo. Lakini timu ya Kenya ilipocheza na Uganda, mashabiki hao hao hawakuwa na budi kushangilia upande mmoja. Kwa dakika 90 walikuwa Wakenya, na lugha iliyowawezesha kushangilia pamoja ilikuwa Kiswahili. Hayo yalianza kabla ya Desemba 1963, Kenya ilipojinyakulia uhuru. Kwa hiyo tunaweza kudai kwamba taifa lilionekana uwanjani kabla ya kuonekana katika katiba.

Mchezo huo nao uliilipa lugha fadhila. Neno “kombe”, ambalo mwambaoni ni pia chombo kiandikwacho aya kwa zafarani ili zioshwe na mgonjwa anywe, lilipata maana mpya ya tuzo ya ushindi. Mabao, lango, mlinda lango na kipenga yakawa maneno ya kila siku. Mnamo miaka ya 1960, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimfuata redioni mshambuliaji Joe Kadenge kwa kauli iliyobaki midomoni mwa Wakenya hadi leo: “Kadenge na mpira.” Mwanaisimu ataona mara moja kwamba kauli hiyo haina kitenzi kamili. Hakuna “ana”, hakuna “anao”. Kasi ya mguu ilimlazimu mtangazaji kupunguza sarufi, na wasikilizaji walielewa bila tatizo.

Zanzibar na Mpaka wa Neno

Anayedhani kwamba swali hili la taifa ni la kale atazame Zanzibar. Iliingia katika Kombe la Gossage ikiwa nchi iliyo chini ya sultani na himaya ya Waingereza. Mwaka 1964 iliungana na Tanganyika, lakini katika mashindano ya eneo letu ikaendelea kucheza kwa jina lake. Mwaka 1995 ililitwaa Kombe la CECAFA, na mwaka 2017 ilifika fainali mjini Machakos, ikafungwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti. Mwaka huo huo wa 2017 ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Afrika, kisha miezi michache baadaye uanachama huo ukabatilishwa. Ina mashabiki, jezi na historia ya tangu 1949, ila kwa kanuni za dunia si taifa la kandanda. Inayoiruhusu ipeperushe bendera yake ni desturi ya kikanda iliyorithiwa kutoka kwa Gossage.

Hitimisho

Khartoum ilikuwa ya kwanza kwa Waafrika kuyamiliki na kuyaongoza mashindano yao ya bara. Kombe la Gossage lilitangulia katika kuwakutanisha Waafrika waliovaa jezi ya nchi. Heshima hizo mbili hazipingani, na kuitaja moja hakuhitaji kuifuta nyingine.

Mtaa wa Umoja haukuwapo wakati wa Gossage. Ulijengwa miaka ya 1970, na jina lake lilichaguliwa na taifa changa lililohitaji neno hilo. Lakini abiria wa Umoja anayeingia mjini kwa Barabara ya Jogoo, ambayo wakoloni waliiita Doonholm, hupita kando ya City Stadium, uwanja ambao umepewa jina la Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kibali cha kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa ombi lililoitwa Pamoja. Agosti 2025 zilishirikiana kuandaa mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ni nchi zile zile za Gossage, zikirudi kwa neno la Kiswahili badala ya jina la sabuni.

Wito wetu kwa wanachama ni mmoja. Wazee waliowahi kusimama kando ya viwanja hivyo wanazidi kupungua, na masimulizi yao hayamo katika vitabu vyetu. Utafiti wa nyanjani hauhitaji safari ndefu: nauli ya matatu hadi Kaloleni, daftari, na adabu ya kumwamkia mzee na kumsikiliza. Tusipoyaandika kwa Kiswahili, mgeni atakayeuliza habari za kombe letu atalazimika kuyatafuta kwa lugha nyingine, na asiye na simulizi lake husimuliwa na wengine.