Mgeni wa Shanta na Mlima Uliolala

Mvua ya vuli ilianza kunyesha mjini Isiolo tangu alfajiri, Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, nami nilikuwa nimekwama. Kazi iliyonipeleka huko, ya kuzungumza na walimu wa Kiswahili kuhusu ufundishaji wa msamiati, ilikwisha jana yake, na gari la kunirudisha Nairobi lingekuja kesho yake. Nikaketi katika mkahawa kando ya barabara kuu, chai ya maziwa mkononi, nikitazama maji ya rangi ya udongo yakiteremka mitaroni. Nani wa kumlaumu anayekaa ndani siku kama hiyo? Upande wa kusini, ambako Mlima Kenya huonekana asubuhi zilizotakata, palikuwa na ukuta wa mawingu. Upande wa mashariki milima ya Nyambene nayo ilikuwa imefunikwa gubigubi.

Hapo ndipo alipoingia kijana mmoja Mjerumani, shanta kubwa mgongoni, amelowa chapachapa. Alikuwa miongoni mwa wale watalii wasiokodi magari ya fahari wala kulala katika hoteli za mbugani, bali hupanda matatu na kula tunachokula sisi. Alipoona meza yangu ina nafasi aliniamkia, "Shikamoo, mzee." Masikio yangu ya bara hayaisikii salamu hiyo kila siku, na hilo neno "mzee" lilinichoma kidogo, kwani sijafika hamsini. Nikaitikia, "Marahaba." Kiswahili chake alikuwa amejifunza Arusha, na alikisema kwa utaratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

Akauliza, "Samahani, volkano ya hapa iko wapi?"

Mama mwenye mkahawa alicheka. "Mwanangu, hapa volkano hatuna. Tuna jua, na leo tumepata mvua." Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nikatikisa kichwa kumwunga mkono. Kijana hakubisha. Alifungua ramani yake, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaweka kidole juu ya Nyambene na kusema kwa upole, "Na hii?"

Ndugu msomaji, mimi nimezaliwa na kulelewa katika ardhi ya Meru. Katika miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili, mwalimu wetu wa Jiografia alichora volkano ubaoni kwa chaki za rangi. Alituonyesha njia ya moto, mdomo wa mlima na matabaka ya majivu, kisha akatuandikia mifano ya kukariri: Vesuvius wa Italia na Fuji wa Japani. Nilikariri, nikapata alama nzuri. Dirisha la darasa lilielekea Nyambene. Hakuna hata siku moja ambapo mwalimu aligeuka akasema, "Tazameni nje." Simlaumu, maana yeye naye alifundishwa hivyo hivyo. Lakini jawabu la kijana huyu nilikuwa nimeishi nalo dirishani kwa miaka minne bila ya kulijua.

Mvua ilipopungua alinisimulia kwamba majuma mawili kabla alikuwa ameupanda Ol Doinyo Lengai, kule kaskazini ya Tanzania. Walianza safari usiku wa manane, kama ilivyo desturi, ili wafike kileleni kabla ya jua kuchomoza. Jina la mlima huo ni la Kimaasai, maana yake Mlima wa Mungu, nao ni volkano hai. Mwaka 2007 na 2008 ulirusha majivu mengi angani. Kijana alinieleza kuwa zaha ya mlima huo haina mfano duniani. Zaha ya kawaida hutoka ikiwa na joto la nyuzi elfu moja na zaidi, lakini ya Lengai hutoka kwa nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, nyeusi, nyepesi kama uji usiokolea, na imejaa magadi. Ikiguswa na unyevu au mvua hugeuka nyeupe, ndiyo maana wanaoutazama mlima huo kwa mbali hudhani una theluji.

Nilimsikiliza, lakini moyoni nilikuwa nashughulika na jambo jingine. Kijana alisema "zaha" kwa ule uji wa moto utokao ardhini. Alisema "kasoko" kwa lile shimo la kileleni. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, na watoto wa Tanzania, wanaosoma masomo yao ya msingi kwa Kiswahili, hukutana nayo vitabuni. Mimi msomi wa lugha hii nayajua kwa macho, lakini sikumbuki siku niliyoyatamka nikimaanisha kitu kilicho mbele yangu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugonjwa wangu ulikuwa umepata mganga.

Tulikodi gari la mzee mmoja Mborana, mwenye subira na magurudumu mapya, tukashika njia ya kuelekea Garba Tulla. Barabara za sehemu hizi zina historia yake. Katika miaka ya 1990 lami iliishia mjini Isiolo, na aliyeendelea mbele alisemwa kwamba anakwenda Kenya nyingine. Leo lami inafika Moyale, lakini tulipoiacha barabara kuu tope lilitukumbusha enzi zile. Mara mbili tulishuka na kusukuma. Kila mahali palitapakaa mawe meusi, mengine madogo kama mayai, mengine makubwa kama ndama aliyelala, yenye vitundu vitundu kama mkate uliochachuka. Mzee alituambia wanayaita kwao "dhagaa gurraacha", yaani mawe meusi. Kijana alilichukua moja, akalipindua mvuani, akasema vile vitundu ni alama za gesi iliyotoka wakati jiwe likiwa bado uji. Katika njia hiyo kuna mji uitwao Kula Mawe. Nimelisikia jina hilo mara nyingi bila ya kulifikiria. Siku hiyo nililifikiria.

Tulifika Magado alasiri, kwa miguu katika kipande cha mwisho. Magado ni kasoko. Ni shimo kubwa la mviringo lililochimbwa na mlipuko wa zamani, na chini yake kuna maji na vidimbwi vya chumvi ambavyo watu huvivuna, Wameru na Waborana, kwa ajili ya mifugo na ya kuuza. Tulisimama ukingoni. Mvua ilikuwa imerudi, ndogo ndogo, na vile vidimbwi vilikuwa vimepauka. Wavunaji walikuwa wamejikunyata chini ya turubai pamoja na punda wao. Mmoja wao alitueleza hali yao kwa maneno machache: "Mvua hii mwenye ng'ombe anaishukuru. Sisi inatuharibia, chumvi inarudi kuwa maji." Nikatambua kwamba nilikuwa nimekuja kutalii mahali ambapo wenzangu wapo kazini, na mvua niliyoilalamikia asubuhi kwa kuniharibia starehe ilikuwa imewanyima hao posho ya siku.

Katika lugha ya Waborana "magado" ni jina la chumvi ya namna hiyo wapewayo mifugo. Waswahili wana "magadi". Mwanaisimu hufunzwa mapema kwamba maneno kufanana si ushahidi wa kuwa na asili moja, nami sitaivunja kanuni hiyo hapa. Inatosha kusema kwamba kinachotajwa kina baba mmoja, nao ni moto wa ardhini. Chumvi ya Magado, magadi ya ziwa lililo kusini ya Nairobi, na zaha nyeusi ya Lengai vyote vimezaliwa katika nchi ya volkano.

Kijana alimwuliza yule mvunaji kama mlima huu unaweza kuwaka tena. Mtu yule alitazama mawingu yaliyoufunika Nyambene, akajibu: "Umelala. Aliyelala si maiti."

Sikupata kusikia fasili bora zaidi katika darasa lolote. Wataalamu huzigawa volkano katika makundi matatu: zilizo hai, zilizolala na zilizokufa. Vizazi tunavyovikumbuka havikuiona Nyambene ikitapika moto. Lakini tusijidanganye kwamba Kenya nzima ni baridi. Kusini ya Ziwa Turkana wasafiri wa msafara wa Teleki waliona volkano ikitoa moshi mwaka 1888, na mahali hapo palilipuka tena katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Katika Bonde la Ufa, mlima Paka uliinuka zaidi ya sentimeta 20 kati ya mwaka 2006 na 2007, jambo lililogunduliwa kwa vipimo vya setilaiti, wala hakuna aliyelisikia kwa miguu yake. Aliyelala hujigeuza usingizini. Waswahili walikwisha kutuonya: mwenye kovu usidhani kapoa.

Huenda msomaji akauliza: maneno haya yana faida gani kwa mtoto wa Isiolo ambaye shida yake ni maji na karo? Yana faida mbili, na zote ni za uhai.

Faida ya kwanza ni hayo maji yenyewe. Mvua inayonyesha juu ya nyanda za juu huzama katika nyufa za miamba ya zaha, ikasafiri gizani, ikaibuka tambarare kuwa chemchemi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana chemchemi za Buffalo Springs na za Shaba, ambazo hazikauki hata Ewaso Ng'iro unapokuwa mchanga mtupu. Ndivyo pia ilivyo kwa Mzima Springs, ambazo hulishwa na milima ya Chyulu na kupeleka maji hadi Mombasa. Mtoto asiyejua kwamba chemchemi ya bondeni ni mvua ya mlimani atashuhudia msitu wa mlimani ukikatwa, asione kwamba ni mtungi wake unaovunjwa.

Faida ya pili nitaieleza kwa mfano wa Goma, mashariki ya Kongo, mji wa watu wazungumzao Kiswahili, uliojengwa chini ya volkano hai ya Nyiragongo. Januari 2002 zaha ilipita katikati ya mji huo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu waliamriwa kuhama. Katika nchi hiyo kuna gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, isiyo na harufu wala rangi, nzito kuliko hewa, ambayo hutuama mabondeni na kuwaua watu na mifugo. Wenyeji huiita "mazuku", yaani upepo mwovu. Walikuwa na jina hilo kwa sababu walikuwa wamezika watu. Leo wanasayansi wa volkano wa Ulaya, Marekani na Japani huandika "mazuku" katika makala zao, kwa kuwa lugha zao hazikuwa na neno. Jina moja, kinywani mwa bibi anayemwambia mjukuu wake asilale bondeni, limeokoa maisha kabla ya chombo chochote cha kupimia kufika.

Basi ewe mwalimu mwenzangu, neno ni ghala la yaliyowapata watu. Wamaasai waliuona moto wakauita wa Mungu. Huko Tsavo Magharibi watu waliona uwanda wa zaha nyeusi, wakauita Shetani. Majina yote mawili yanatuambia kwamba palikuwapo mashahidi. Tunapomfundisha mtoto Vesuvius peke yake, tunamweleza kwamba mambo makubwa hutokea kwingine, na kwamba babu yake hakuona chochote. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Hilo ni agizo zuri, lakini mazingira hayaingii darasani kwa kuandikwa katika mpango wa somo.

Napendekeza mambo mawili yasiyohitaji bajeti ya wizara. Mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Kiswahili waandamane na darasa moja hadi kwenye kilima kilicho karibu, wakiwa na madaftari tu, na kila kitu kipewe jina lake mahali kilipo: zaha, kasoko, chemchemi. Kisha wanafunzi waende kwa wazee wao, wawe Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru au Wasomali, wakaulize jiwe hili na shimo lile huitwaje nyumbani, na kwa nini. Isiolo ina utajiri wa lugha ambao vyuo vikuu huugharamia tafiti. Huko mtoto anaupata kwa kuvuka barabara.

Tulirejea mjini baada ya magharibi, tope magotini. Mama mwenye mkahawa alituletea chai na chapati, akauliza kwa mzaha kama tuliiona volkano. Kijana aliinua lile jiwe lenye vitundu, akaliweka mezani. Mama aliligeuza geuza mkononi, kisha akasema kwamba mawe kama hayo anayo mengi nyuma ya nyumba. Ndiyo mafiga anayopikia.

Asubuhi ya Jumapili mawingu yaliondoka. Kijana alikuwa amekwisha kupanda basi la Marsabit, shanta yake juu ya buti. Nikatoka nje, nikaelekeza uso mashariki, nikaitazama Nyambene kwa muda mrefu.