Karura, Msitu wa Watu Wote

Kaskazini mwa mji wa Nairobi, nchini Kenya, upo msitu uitwao Karura. Ukubwa wake wapita hekta 1,000, na mitaa ya mji imeuzunguka. Huenda msomaji atauliza: Mbona mji wenye njaa ya viwanja haukuumeza msitu huu? Jibu lake yafaa kila mzazi na kila mwanafunzi alijue.

Kuni za magari ya moshi

Mwaka 1932 Serikali ya kikoloni iliutangaza Karura kuwa msitu wa hifadhi. Hata hivyo sehemu kubwa ya miti ya asili ilikatwa, ikapandwa mikalitusi, kwa maana magari ya moshi yalihitaji kuni. Katika miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika mapango ya msitu huo.

Mti mmoja wa kupandwa

Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa kwa siri watu binafsi, wapate kujenga majumba. Aliyesimama kuwapinga ni Bibi Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha Green Belt Movement. Bibi huyo alilelewa na Masista katika shule za Mathari na Limuru, kisha akasoma elimu ya viumbe huko Marekani, katika chuo cha Masista Wabenedikto, akahitimu mwaka 1964.

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti mmoja tu langoni mwa msitu. Wakashambuliwa kwa rungu na mijeledi, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kwa polisi kushtaki, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Rais Moi alipiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Bibi Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Alifariki mwaka 2011.

Darasa lisilo na kuta

Lakini msitu uliookolewa ulikuwa bado maficho ya wanyang'anyi, na watu waliogopa kuingia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kushirikiana na Serikali katika kutunza misitu. Basi mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama cha marafiki wa Karura. Ua ukajengwa, walinzi wakawekwa, njia zikafunguliwa.

Siku hizi jamaa nzima hutembea humo, na walimu huwaleta wanafunzi wao. Hapo mtoto huona maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau. Hujifunza kwamba mkalitusi hunywa maji mengi, na ndiyo sababu mikalitusi huondolewa kidogo kidogo, na miti ya kienyeji hupandwa mahali pake.

Enyi wazazi na walimu, nasi huku Kongo tumejaliwa misitu mikubwa. Mali ya wote ikikosa mlinzi, mwenye tamaa huiita yake. Wapelekeni watoto msituni, wajue jina la kila mti na kazi yake. Atakayeujua msitu wake tangu utoto, hatanyamaza siku utakapouzwa.