Muthokoi Mezani, Njaa Jukwaani

Mwambie mtu wa pwani kwamba unakwenda Kitui kula na kucheka, atakutazama mara mbili. Kucheka labda, lakini kula? Kwetu Mombasa jina la Kitui limeandamana na mambo mawili, ukame na uganga, na kila moja lina mizaha yake ambayo tumeisikia tangu utotoni, barazani, madukani na ndani ya mabasi. Wenye kuisema mizaha hiyo ni watu walioshiba. Nilipata habari kwamba siku hizi vijana wa huko wenyewe wanapanda jukwaani, mmoja mmoja, kipaza sauti mkononi, na wanaisema wao. Nikafunga safari.

Basi liendalo Nairobi lilinishusha Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, nikashika matatu inayokata kaskazini kupitia Ikutha na Mutomo. Njiani huvukwa mto Athi, na msomaji wa Malindi asiudharau mto huo, kwani ndio ukishuka huitwa Galana, na ndio Sabaki unaoingia baharini kwake. Maji yakitushukia sisi kutoka Ukambani, watu nao walishuka vilevile. Krapf, yule mmishenari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, tajiri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikuwa ikifika pwani. Kwa hivyo Mkamba na Mswahili wamejuana tangu zamani, na wamechekana tangu zamani.

Swali la kwanza la Mwislamu katika hoteli ya ugenini si bei. Barabara kuu ya Mombasa ina jawabu moja rahisi, nalo ni hekalu la Masingasinga pale Makindu, la tangu mwaka 1926, ambako kila apitaye hupewa chakula kisichokuwa na nyama, bila malipo na bila kuulizwa dini wala kabila. Lakini Kitui si Makindu. Hoteli niliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya maduka, ukumbi mmoja mpana wenye meza kumi na mbili na sakafu ya saruji, na ubao mweusi ukutani ulioandikwa kwa chaki: isyo, muthokoi, ngima na mbuzi, chapati na ndengu. Pombe haiuzwi. Nikamwuliza mama mwenye hoteli juu ya nyama, naye hakuona vibaya. Akanijibu kwamba mbuzi wake hutoka machinjioni, na mchinjaji ni Mwislamu, kama ilivyo desturi katika machinjio mengi ya Kenya. Akaongeza kwamba msikiti hauko mbali, na kwamba si mimi wa kwanza kuuliza.

Nikaagiza muthokoi. Sikufanya hivyo kwa shaka, bali kwa kuwa mbuzi nimemzoea.

Wengi wetu huchanganya muthokoi na isyo, na wote wawili tukawaita pure. Isyo ndiyo pure hasa, mahindi mazima na maharagwe. Muthokoi una kazi zaidi. Mahindi makavu hunyunyizwa maji kidogo, yakatwangwa kwa kinu na mchi mpaka ganda la juu litoke, kisha hupepetwa na kuanikwa. Ndipo huchemshwa saa nyingi pamoja na maharagwe, au kunde, au mbaazi, hata punje zikavimba na kuwa laini kama zimekwisha kutafunwa nusu. Aliyekula kande za Tanga atanielewa upesi, maana nazo ni mahindi yaliyokobolewa. Sahani yangu ilikuwa na mbaazi, kitunguu kilichokaangwa vyema, na kipande cha parachichi pembeni. Kijiko cha kwanza ulimi wangu uliuliza nazi iko wapi. Kijiko cha tatu ukaacha kuuliza. Ni chakula kizito, kisichokuwa na mbwembwe, na mtu akikila saa saba mchana hatafuti kitu mpaka usiku. Ndengu nazo nilizionja, zile tuitazo pojo, na hizo nasema waziwazi kwamba mama zetu wanazipika vizuri zaidi.

Jioni meza zilisukumwa ukutani, viti vikapangwa safu. Nilipokwisha rudi kutoka kwenye sala ya Isha, ukumbi ulikuwa umejaa: wanafunzi, walimu, waendesha bodaboda, kina mama wa sokoni na watoto wao. Kiingilio hakuna, ila unatarajiwa kununua chai. Vijana walioandikisha majina walikuwa wanane, kila mmoja amepewa dakika tano, na zikikwisha kijana aliye nyuma huinua simu yake yenye taa. Wao huiita sanaa hii stendapu. Hapana mavazi ya kuigiza wala mwenzi wa kupokezana naye maneno. Sisi tuliolelewa na marehemu Mzee Ojwang katika redio na televisheni, au na marehemu King Majuto wa Tanga, tumezoea kichekesho chenye baba, mama, mtoto mtundu na mgeni asiyejua kitu. Huku ni mtu peke yake na watu wanaomtazama, na akishindwa hana wa kumtupia lawama.

Jambo hili si la kale sana nchini Kenya katika sura hii. Kikundi cha Redykyulass, mwishoni mwa utawala wa Rais Moi, ndicho kilichowaonyesha watu kwamba hata mkubwa wa nchi anaweza kuigwa sauti mbele ya watu, na aliyeiga akalala kwake. Kisha akaja Daniel Ndambuki aitwaye Churchill, naye ni Mkamba wa Machakos, ambaye katika televisheni aliwapa jukwaa vijana wengi waliokuwa hawajulikani. Kila kijana niliyemwona Kitui anaota kufika huko. Na ndoto hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowaharibu wengine.

Wa kwanza kupanda alikuwa mmoja wao. Alisimama kama wanavyosimama wale wa Nairobi, akakishika kipaza sauti karibu mno hata kikapiga mluzi, akaanza na kisa cha mwizi aliyeiba mbuzi Kitui akarogwa akawa analia kama mbuzi. Ukumbi ulikohoa. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya upole, “Hiyo tuliiona kwenye televisheni.” Masikini kijana! Alikuwa amewaletea watu wa Kitui Kitui ya Nairobi. Taa iliwaka kabla hajafika kisa cha pili, na nadhani aliyeiwasha alifanya hivyo kwa huruma.

Mwendesha bodaboda aliyemfuata hakuwa na ndoto ya televisheni, na labda ndiyo sababu alifaulu. Alisifu lami mpya kwa chuku za kizamani. Zamani, alisema, ukitoka Kibwezi na yai mfukoni, unafika Kitui unashuka na jogoo anayewika. Siku hizi yai linafika yai, na mkewe anamwuliza, “Yule jogoo umemuuza wapi?” Watu walipiga meza. Wawili watatu waliokuja baada yake siwakumbuki, ila mmoja alisahau maneno yake akaomba maji.

Kisha akapanda msichana wa umri wa miaka ishirini na mitano hivi, mwalimu aliyehitimu asiyepata ajira, mtu wa Makueni upande wa Wote. Watu wa Kitui walimzomea kwa utani, kwani kati ya kaunti hizi mbili kuna mashindano ya nani mkavu zaidi na nani ana maembe. Yeye alingoja kelele zikome. Huo kwangu ulikuwa ustadi wake wa kwanza.

“Babu yangu alikufa,” alisema, na ukumbi ukanyamaza. “Akaendelea kupokea mahindi ya msaada miaka miwili. Siku tuliyomzika tulilia. Lakini siku jina lake lilipokatwa kwenye orodha, hicho ndicho kilikuwa kilio cha msiba.”

Kicheko kilianza kwa wazee, si kwa vijana. Akaendelea kwa utulivu kwamba magunia ya msaada huandikwa kwa herufi kubwa “Si ya kuuzwa”, na kwamba mamake, mwanamke asiyetupa kitu, alilikata gunia moja akamshonea nguo. “Nikaenda shule, mgongoni pameandikwa Si ya Kuuzwa. Kijiji kizima kikasoma. Ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyekuja kwetu na mbuzi wa mahari.”

Mama aliyekaa mbele yangu alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya leso, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Hapo ndipo msichana aliponiona, mimi na kofia yangu. Akanipa shikamoo mbele ya watu wote, nami nikaitikia marahaba. “Mzee, nasikia Mombasa nyumba ikishika moto, jirani hupiga hodi kwanza. Anaulizwa habari za asubuhi, habari za watoto, anakaribishwa kahawa. Akimaliza kikombe cha pili ndipo anasema: kumbe nyumba yenu inaungua.” Vichwa vyote viligeuka. Nikasimama nikamwambia kwamba amesahau halua. Akanishukuru, akasema ataiongeza.

Sikuona vibaya, na nilijiuliza kwa nini. Aya ya kumi na moja ya Sura ya Hujurat imetukataza kundi moja kulidharau kundi jingine, na sisi tuliosoma chuoni tuliihifadhi kabla ya kuota ndevu. Hata hivyo Abunuwasi amekaa nasi karne nzima, na kila msikilizaji anajua kwamba kicheko chake humpata mwenye nguvu, au humpata Abunuwasi mwenyewe. Msichana yule alikuwa amejianika yeye, babu yake na mamake kabla ya kunigusa mimi. Aliponifikia alikuwa amekwisha lipa. Mizaha yetu ya barazani juu ya Mkamba hailipi kitu. Maneno yaweza kuwa yaleyale, njaa ileile na gunia lilelile, lakini msemaji hajapata kulishika gunia hilo. Kijana wa kwanza naye, ingawa ni mwenyeji, aliazima kinywa cha watu wa mbali, na wenyeji walimtambua mara moja.

Mwalimu mstaafu aliyekaa kando yangu alinieleza baadaye kwamba wazee wa Ukambani hawakungoja kipaza sauti. Njaa zao huzipa majina kama mtu anavyompa jina mtoto. Ile kubwa ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Iliyowapata mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliiita Nikwa Ngwete, yaani nafa nami nimeshika, kwa maana fedha zilikuwa mkononi na dukani hakuna mahindi. Msomaji na aliseme jina hilo polepole. Ndani yake mna fedha, mna kifo, na mna mtu anayejitazama akifa na noti mkononi akaona kwamba jambo hili lina kichekesho chake. Sisi tuliofundishwa kupima mizani ya shairi tungehitaji ubeti mzima kuyasema hayo. Baina ya mwishoni mwa mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na Kitui ilikuwamo. Vijana wanaopanda jukwaani leo hawasimulii habari za babu zao peke yake.

Watu walipotawanyika msichana alikaa kula. Mama mwenye hoteli alimletea sahani ya muthokoi bila kuulizwa, malipo ya kazi yake ya usiku ule, naye aliila kama mtu ambaye hakula tangu asubuhi kwa hofu. Nilimwuliza kama nguo ile ilikuwa kweli.

“Ilikuwa kweli, mzee. Lakini herufi zilififia baada ya kufuliwa mara tatu. Hilo silisemi jukwaani.”

Wiki iliyokuwa inafuata alikuwa apande Wote, kwao, na mamake alikuwa amekwisha ahidi kuja na majirani. Kisa cha babu alikuwa na hakika atakisema. Kuhusu gunia, alikuwa bado hajaamua.