Hedifoni, Amplifaya na Kadi ya Sauti: Tununue Kipi, Tuache Kipi

Katika majuma ya karibuni tumeulizwa swali moja na wazazi kadhaa, na aghalabu waulizaji ni kina mama. Kijana wa nyumbani ana kompyuta. Mchana huitumia kwa masomo, jioni hucheza gemu na wenzake kwa njia ya intaneti, na mwisho wa juma hukaa na vijana wa mtaa wakarekodi kaswida na kuzipanga sauti kwa programu. Sasa ameleta orodha: ataka hedifoni ya gemu yenye taa, ataka amplifaya, na ataka kadi ya sauti ya kutia nje ya kompyuta. Jumla yake yakaribia karo ya muhula. Je, vyote hivi ni haja, au vingine ni pambo tu?

Tutajibu kwa urefu kidogo, kwani ndani ya swali hili mna fedha, na mna kilicho ghali kuliko fedha, nacho ni masikio ya watoto wetu. Ama hukumu ya muziki wenyewe, wanavyuoni wana maneno yao marefu na ukurasa huu si mahali pake. Hapa twazungumzia chombo na sikio.

Kwanza tuifahamu njia ya sauti. Ndani ya kompyuta sauti huwekwa kwa tarakimu. Sehemu moja ya mashine huzigeuza tarakimu hizo kuwa mkondo mdogo wa umeme, sehemu ya pili huutia mkondo huo nguvu, kisha hedifoni huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa ukaingia sikioni. Kazi ya kwanza ni ya kadi ya sauti, ya pili ni ya amplifaya. Na jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulisema ni kwamba kompyuta yoyote yenye tundu la hedifoni, na simu vilevile, tayari inavyo vyote viwili tumboni mwake.

Haikuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1980 kompyuta ya mezani ya IBM ilikuwa na kispika kidogo cha kulia mlio mmoja mmoja tu. Mwaka 1987 ikatoka kadi ya AdLib kutoka Quebec, Kanada, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoasisiwa na Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster, nayo ikaenea duniani. Wakati huo aliyetaka sauti ya maana hakuwa na budi kununua kadi. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuitia chipu ya sauti katika bodi kuu yenyewe, na chipu hizo zimezidi kuwa nzuri mwaka baada ya mwaka. Haja iliyoizaa kadi ya sauti imeondoka kwa watu wengi. Biashara yake ndiyo iliyobaki.

Sanduku la kadi mpya litaandikwa kwa herufi kubwa: biti 24, sampuli 192,000 kwa sekunde. Msishtuke. CD ya kawaida hutumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na kipimo hicho chatosha kubeba kila sauti ambayo sikio la binadamu laweza kuidaka, yaani hadi mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde. Kijana mwenye sikio zima hufika karibu na hapo. Sisi wa makamo haya hatufiki.

Basi ni lini kadi ya sauti huwa haja? Ni pale tundu la kompyuta limekufa, jambo ambalo huku kwetu pwani si geni, kwa kuwa hewa ya chumvi huila shaba kimyakimya. Au pale ambapo mtoto akivaa hedifoni husikia mvumo na michirizo kila asogezapo kipanya, ishara ya kuwa umeme wa ndani ya mashine waingia katika njia ya sauti. Hapo dawa ni kiadapta kidogo cha USB, kisichozidi urefu wa kidole, ambacho ndani yake mna chipu ya kugeuza tarakimu na amplifaya ndogo pia. Hiyo nayo ni kadi ya sauti kamili, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya lile sanduku lenye taa.

Ama amplifaya, hapa ndipo fedha nyingi hupotea, tena hupotea kwa kununua madhara. Hedifoni huandikwa ukinzani wake wa umeme kwa kipimo cha omu. Nyingi za kawaida ni omu 32 au karibu na hapo. Zile za studio zaweza kuwa nyingi zaidi: Beyerdynamic DT 770 Pro hutolewa kwa omu 32, 80 na 250, na Sennheiser HD 600 ni omu 300. Zenye omu nyingi huhitaji volti nyingi zaidi, na hizo ndizo zilizoifanya amplifaya ijulikane kuwa kitu cha lazima. Mzazi anunuaye ya omu 32 hana haja hiyo kabisa.

Tupige hesabu kidogo ili msiseme twasema kwa kubahatisha. Tuchukue hedifoni ya omu 32 itoayo desibeli 100 kwa kila miliwati moja, ambayo ni ya kawaida madukani. Kompyuta ikitoa volti moja tu, hedifoni hiyo hupata takriban miliwati 31, na sauti yaweza kufika desibeli 115. Hicho ni kishindo cha kumfanya mtu azibe masikio. Na volti hiyo moja hutolewa na kompyuta nyingi bila msaada wowote. Sasa mwenye kuongeza amplifaya juu yake aongeza nini? Kipimo chetu ni hiki: mwambieni kijana afungue sauti mpaka mwisho, hedifoni ikiwa mezani, kisha aisogeze sikioni polepole. Ikiwa yasikika kwa nguvu, mjadala wa amplifaya umekwisha.

Tumefika kwenye kiini cha swali. Ndani ya sikio la ndani mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Hazifi kwa maumivu, ndiyo maana mtoto halalamiki. Hufa kidogo kidogo, na mwanzo wake ni mlio mwembamba masikioni usiku, kisha mtoto huanza kusema "nini?" kila aitwapo, na mama hudhani ni ukaidi.

Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa liitwalo ITU, walitangaza mwaka 2019 kanuni za vyombo vya kusikilizia. Mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Mtoto asipite desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa salama hukatwa nusu. Mtu mzima mwenye saa 40 kwa desibeli 80 ana saa 20 kwa 83, ana saa 4 tu kwa 90, na kwa 100 wiki yake nzima ni dakika kama 20.

Kwa hesabu hii litazameni sanduku la hedifoni za watoto lililoandikwa "desibeli 85, salama kwa watoto." Kutoka 75 hadi 85 ni desibeli 10, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Zile saa 40 za mtoto zimekuwa saa 4 kwa wiki. Kwa hiyo kizuizi hicho si uongo, chafaa, ni bora kuliko kutokuwa na kizuizi. Lakini mtoto avaaye hedifoni hiyo saa tatu kila jioni na sauti imefunguliwa hadi mwisho wake amemaliza haki ya wiki kabla ya Jumanne kwisha, ikiwa alianza Jumatatu. Neno "salama" bila ya saa kando yake halina maana.

Gemu zina hatari yake ya pekee. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ Public Health, yaliyokusanya tafiti 14 zenye watu zaidi ya 50,000, yaliona kwamba sauti za wachezaji mara nyingi hukaribia mpaka wa salama au huuvuka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mchezaji huiongeza sauti ili asikie nyayo za adui nyuma ya ukuta, kisha ghafla bomu hulipuka kwa sauti ile ile aliyoifungulia nyayo. Gemu nyingi zina mahali pa kupunguza tofauti hii kati ya sauti ndogo na kubwa, aghalabu huitwa hali ya usiku. Mwekeeni. Nyayo zitasikika, na bomu litapungua, na wala hatashindwa mchezo kwa hilo.

Na yale maandishi ya "7.1", kana kwamba mna spika nane ndani, msiyalipie. Hedifoni nyingi za namna hiyo zina spika mbili, moja kila upande, na hiyo duara ya sauti hutengenezwa na programu. Binadamu mwenyewe ana masikio mawili na ajua aliyemwita yuko wapi.

Basi fedha ziende wapi? Ziende kwenye hedifoni yenyewe. Mwenye shilingi 8,000 na azitie zote humo, asizigawe kwa vitu vitatu vibovu. Katika nyumba zetu, ambamo watu ni wengi, feni yazunguka na tuktuk yapita dirishani, twapendekeza iliyofungika nyuma, ifunikayo sikio zima. Iliyo wazi nyuma ina sauti ya upana na uzuri, hilo hatulikatai, lakini huvujisha kwa aliye kando na huingiza makelele ya nje, na mtoto hujibu makelele kwa kuongeza sauti. Ifungikayo humtosha kwa sauti ya chini. Kasoro yake ni joto. Wakati wa kaskazi masikio huloa jasho, na ngozi ya bandia ya mito yake hubanduka kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo chagueni ya mito ya kitambaa, au angalau ambayo mito yake hutoka na kununuliwa mingine. Waya nao uwe wa kuchomoka. Hedifoni nyingi hufa kwa waya, na waya peke yake ni bei ndogo.

Waya, tumesema, na vijana hawaupendi. Wataka Bluetooth. Kwa kusikilizia hotuba haina neno. Kwa gemu sauti hufika imechelewa, mara nyingi kwa kiasi cha sehemu ya tano ya sekunde, mchezaji akaona risasi kabla ya kuisikia. Na mna jambo jingine ambalo wenye watoto wanaosoma Qur'ani kwa mwalimu wa mbali yafaa walijue: hedifoni nyingi za Bluetooth, maikrofoni yake ikifunguliwa, hushuka zikaingia katika hali ya simu, ambayo sauti zake za juu zimekatwa. Katika sauti hizo za juu ndimo ilimo tofauti ya sin na thaa. Mwalimu husahihisha, mtoto hurudia lile lile, na kosa si la ulimi wake.

Hao vijana wa kaswida wana haja nyingine, na kwao tu ndipo tunaposema kadi ya nje yafaa kununuliwa. Wanaorekodi kwa maikrofoni ya kweli wahitaji kisanduku cha kurekodia cha USB, chenye tundu la maikrofoni, umeme wa volti 48 kwa zile zinazouhitaji, na kitufe cha kumwezesha mwimbaji ajisikie papo hapo bila sauti kuzunguka ndani ya kompyuta kwanza. Kimoja chatosha kundi zima. Wachange wanunue, kikae mahali pamoja. Na wakati wa kurekodi wote wavae hedifoni zilizofungika, kwani ile iliyo wazi huirudisha sauti katika maikrofoni na kuiharibu kazi.

Mwendapo dukani, nendeni na kijana mwenyewe na simu yenye sauti mnayoijua. Aivae dakika kumi bila kuivua, kwa kuwa ibanayo kwa dakika kumi itaumiza kwa saa mbili. Ulizeni mito na waya wa akiba vyapatikana wapi. Mkifika nyumbani, ingieni katika mipangilio ya simu yake mtafute sehemu ya kuzuia sauti kubwa, ambayo simu nyingi za sasa zinayo, muiweke pamoja naye akiona. Kwenye kompyuta aanze kwa nusu ya sauti. Kisha akiwa ameivaa na gemu yaendelea, mama na asimame umbali wa mkono mmoja, amwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, sauti ishushwe mpaka ageuke.