Kura na Mizani ya Miwa

Ukiiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi mjini ukashika ile iendayo Kidatu, utapita Kidodi, kisha utaanza kuona miwa pande zote. Hapo bado uko wilaya ya Kilosa. Ng'ambo ya mto Ruaha ni Kilombero. Viwanda viwili vya sukari vya huko vilikuwa mali ya umma hadi 1998, vilipouzwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na wenzake. Serikali ilibakiwa na asilimia 25.

Nimewakumbuka wakulima wa Ruhembe kwa sababu wiki hii nimerudia hoja za Charles Lindblom, profesa wa siasa wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyefariki 2018. Katika kitabu chake cha 1977, Politics and Markets, alieleza kwamba kampuni kubwa haihitaji kuhonga mtu ili isikilizwe. Ajira, kodi na bidhaa vimo mikononi mwake. Ikinuna tu, ikaahirisha kupanua kiwanda, waziri anakosa usingizi. Raia wa kawaida akinuna, basi, kanuna.

Sasa tazama miwa yenyewe. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na siku chache zikipita mkulima amekula hasara. Hawezi kuuweka ghalani kama mahindi, akingoja bei ipande. Wala hawezi kuupeleka Mbigiri, kwenye kiwanda kingine cha Kilosa, maana nauli itammaliza. Mnunuzi wake ni mmoja. Malipo hufuata uzito na utamu, na vyote viwili hupimwa kiwandani.

Kila miaka mitano mkulima huyu humpigia kura mbunge wa Mikumi. Lakini mbunge hashiki mizani. Serikali iliunda Bodi ya Sukari kwa sheria ya 2001 ili isimamie biashara hii. Serikali hiyo hiyo ni mbia ndani ya kiwanda. Refa ana hisa katika timu moja!

Sisemi kampuni ni mbaya. Viwanda vile vilikuwa hoi kabla ya kuuzwa, na wapo wakulima waliosomesha watoto kwa miwa. Lakini manung'uniko juu ya kipimo cha utamu ni ya miaka mingi, na hayatakwisha kwa hotuba. Kipimo hicho kikishikwa na mtu asiyeuza miwa wala kuinunua, pande hizi mbili zitabaki kugombania bei tu, kama wafanyabiashara wengine.